Damu Iliyopinda Kama Mundu

Siku moja mama mmoja alifika hopitali na mtoto wa miezi minane. Mikono na miguu ya mtoto ilikuwa imevimba, naye alilia kila alipoguswa. Mama huyu alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili. Wakwe zake walisema kwamba yeye ndiye anayewala, na mume aliambiwa amrudishe kwa baba yake. Vyombo vyake vilikuwa vimefungwa tayari.

Munganga alitwaa tone la damu ya mtoto, akaliweka chini ya mikroskopi, akaniita nitazame.

Jueni kwanza ya kuwa mwili wa mtu, wa mnyama na wa mti pia, umejengwa kwa vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinaitwa seli. Katika damu kidogo kama kichwa cha pini mna seli nyekundu kama milioni 5. Seli nzima ni ya mviringo, imebonyea katikati kama tonge la bugali ulilolibonyeza kwa kidole gumba. Ni laini, hupenya hata mishipa iliyo myembamba sana, ikichukua hewa ya oksijeni kwa kitu chekundu kilichomo ndani, jina lake hemoglobini. Huishi siku 120 hivi.

Lakini katika damu ya mtoto yule niliona seli zilizopinda kama mundu. Hemoglobini yao, ikikosa hewa, hushikana na kuwa kama vijiti, na seli inakuwa ngumu. Seli hizi hukwama katika mishipa kama magogo katika kijito, na mahali pasipofika damu panauma sana. Tena hufa upesi, baada ya siku 10 au 20, hata mtoto anapungukiwa damu na macho yanakuwa ya manjano. Ndio ugonjwa tunaouita SS.

Hakuna mchawi hapa. Kila mtoto hupokea fungu moja kwa baba na fungu moja kwa mama. Fungu zima ni A, la ugonjwa ni S. Mwenye AS ni mzima, analima, anazaa, wala hajui. Wawili wenye AS wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa SS. Watu huniambia, "Basi wa kwanza akiwa SS, watatu watakaofuata watapona." Sivyo! Kila mimba huhesabiwa upya.

Kwa nini fungu la S ni jingi katika Kongo? Sababu ni mbu. Mbu jike wa malaria hutaga mayai katika maji yaliyotulia karibu na nyumba zetu, na kijidudu anachotutia huingia ndani ya seli nyekundu, kinakula hemoglobini na kuzaana humo. Ndani ya damu ya AS hakistawi vizuri. Mwaka 1954 munganga Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha jambo hili: mahali penye malaria nyingi, watoto wa AS hawafi kwa malaria kama wengine, basi wanakua na kuwapa watoto wao fungu lile. Hivyo maji, mbu, kijidudu na damu yetu vimefungamana tangu zamani za mababu.

Lakini angalieni sana: mtoto wa SS hana kinga hiyo. Malaria humwua upesi. Alale ndani ya chandarua kila usiku, anywe maji mengi, asipigwe na baridi, apate chanjo zote, na akipata homa aletwe siku ile ile, si kesho. Siku hizi iko pia dawa ya hydroxyurea, inayopunguza maumivu, lakini hutolewa na munganga tu.

Tulimwita baba yake. Alikataa mara mbili kutoa damu. Alisema yeye hajaugua hata siku moja. Mara ya tatu alikubali. Karatasi yake ilirudi AS, na ya mke wake AS. Aliitazama muda mrefu, akaomba aruhusiwe kuipeleka kwa mama yake. Jioni walirudi wote wawili, na mama mkwe ndiye aliyebeba vyombo.