Mashahidi wa Mawe katika Miji ya Massachusetts

Msafiri apitaye katika miji ya kale ya Massachusetts, jimbo la Marekani lililokaliwa na walowezi wa Kiingereza tangu karne ya 17 na ambamo vita vya uhuru wa nchi hiyo vilianza, hukutana mara kwa mara na minara, nguzo na vibao vinavyomwarifu kwamba hapa palikuwa na ngome, pale palisimama kanisa, na kule ilimwagika damu. Aghalabu husoma, akasadiki, akaenda zake. Lakini ilimu ya taarikh inatufunza kwamba kila ukumbusho ni shahidi wa zama mbili, zama za jambo lililotukia na zama za watu walioamua likumbukwe. Naye azisomaye za kwanza akaziacha za pili amesikia nusu ya ushahidi.

Tuutazame mji wa Concord, ambako tarehe 19 Aprili 1775 wanamgambo walipambana na askari wa Mfalme wa Uingereza katika Daraja la Kaskazini. Daraja hilo liliondolewa mwaka 1793, na mnara wa mawe ulipojengwa mwaka 1836 ulisimamishwa ukingo wa mashariki, upande waliokuwako Waingereza. Mkulima mmoja wa mji huo, Ebenezer Hubbard, hakuridhika kuona fakhari ya watu wake imewekwa mahali pa adui, akausia fedha ili ukumbusho mwingine usimamishwe ng'ambo ya pili. Basi likajengwa daraja jipya, na mwaka 1875, ilipotimia miaka 100 tangu mapigano, ikazinduliwa ng'ambo hiyo sanamu ya mwanamgambo, kazi ya mchongaji Daniel Chester French. Vita ni vile vile, mto ni ule ule. Kilichobadilika ni dhamiri za waliokumbuka.

Mahali napo pataka kuhakikiwa. Mnara wa Bunker Hill, wenye urefu wa futi 221, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1825 na ambao ulizinduliwa mwaka 1843, umesimama juu ya kilima cha Breed, ambako ndiko mapigano ya tarehe 17 Juni 1775 yalikokuwa makali zaidi. Ila jina la kilima jirani, Bunker, lilikwisha kuzoeleka vinywani, likadumu. Mjini Boston, duara la mawe lililo karibu na Nyumba ya Serikali ya Kale, liwakumbushalo watu watano waliouawa kwa risasi zilizofyatuliwa na askari wa Mfalme tarehe 5 Machi 1770, limepata kuhamishwa kwa sababu ya matengenezo ya barabara.

Miongoni mwa watano hao alikuwamo Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa kwanza wa nchi ile. Mwaka 1888, walipojengewa mnara katika uwanja wa Boston Common, wapo wanazuoni wa taarikh waliopinga wakidai kwamba waliouawa walikuwa wafanya fujo wasiostahili heshima. Mjini Lexington, wanamgambo waliokufa asubuhi ya 19 Aprili walipata mnara wao mwaka 1799. Bali Prince Estabrook, mtumwa mweusi aliyejeruhiwa asubuhi iyo hiyo akipigania uhuru ambao yeye mwenyewe hakuwa nao, alingoja jiwe lake hadi mwaka 2008. Ucheleweshaji wa zaidi ya miaka 200 ni habari kubwa kuliko yote yawezayo kuandikwa juu ya jiwe hilo.

Kwa hiyo asimamaye mbele ya ukumbusho na aulize mambo matatu: nani aliuweka, uliwekwa lini, na je, hapa ndipo mahali penyewe? Nao wenye mamlaka ya miji wana wajibu wa kuandika juu ya kila kibao mwaka wake na jina la aliyekisimamisha, ili msomaji asikidhanie kuwa kauli ya taarikh yenyewe. Panapoonekana upungufu, wafuate mwendo wa Concord, ambako mnara wa 1836 haukubomolewa wala kufichwa, bali ulijengewa mwenziwe. Maana ushahidi wa pili hukamilisha haki bila kumnyamazisha shahidi wa kwanza.