Aliyekufa kwa Dawa za Kulevya Naye Ana wa Kumlilia

Katika mila zetu, msiba haumhusu mfiwa peke yake. Kilio kinaposikika, majirani huacha kazi zao. Wanaume huenda kuchimba kaburi, akina mama huteka maji na kupika, na matanga hukaliwa ili mwenye kufiwa asiachwe pweke na majonzi yake. Ndiyo maana wahenga walisema kuwa kifo cha wengi ni harusi. Lakini zipo nyumba ambazo msiba ukiingia, hodi huwa chache, na wanaofika huongea kwa kunong'ona. Hizo ni nyumba zilizopotewa na kijana kwa kuzidiwa na dawa za kulevya.

Jambo hili si geni tena katika sehemu zetu za Afrika ya Mashariki. Tangu miaka ya 1980 heroini, ambayo mitaani huitwa unga, imekuwa ikienea katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Hatua zimechukuliwa kuwatibu walionaswa: Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa dawa ya methadoni mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwishoni mwa mwaka 2014. Hayo ni mema. Hata hivyo, hapana budi tumkumbuke na mama ambaye tiba imemfikia akiwa amekwisha zika.

MANENO YACHOMAYO

Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, alitoa kitabu juu ya huzuni ambayo jamii haiipi haki yake. Alieleza kwamba mtu anaweza kufiwa, lakini wenzake wasimhesabu kuwa ana haki ya kulia mbele yao. Kifo cha dawa za kulevya ni mfano ulio wazi. Aliyefiwa na mtoto kwa malaria huambiwa pole. Aliyefiwa kwa unga huambiwa methali. "Mchuma janga hula na wa kwao," husema mmoja. "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea," huongeza mwingine.

Huenda msemaji hana nia mbaya. Lakini mama yule amekwisha jihukumu mwenyewe usiku kucha, wala hana haja ya hakimu wa pili. Kadhalika tusisahau kwamba alianza kuomboleza zamani: siku vyombo vya nyumbani vilipoanza kupotea, siku alipouza alichokuwa nacho ili kijana atibiwe, na usiku mwingi aliokesha akisikiliza mlango. Kifo kinapokuja, huweza hata kuhisi kwamba mzigo umetuliwa, kisha akaona haya kwa kuhisi hivyo. Na ajue kwamba jambo hilo huwapata wengi waliouguza kwa muda mrefu, wala si dalili ya kukosa upendo.

MASWALI MAWILI

Wafiwa wengi huandamwa na maswali, na mengine yana majibu ambayo elimu inaweza kuyatoa.

La kwanza ni hili: "Nilimsikia akikoroma, kwa nini sikumwamsha?" Heroini na dawa za jamii yake hupunguza kasi ya pumzi mpaka ikasimama. Kabla ya hapo mgonjwa huweza kukoroma kwa sauti nzito, na mtu asiyefundishwa hudhani kuwa ni usingizi mnono. Kutojua si kutojali.

La pili: "Alikuwa ameacha kabisa, imekuwaje akafa?" Mtu anayetumia kila siku, mwili wake huizoea dawa. Akikaa miezi kadhaa gerezani au katika matibabu, mazoea hayo hupungua. Akirudia siku moja tu kipimo chake cha zamani, kipimo hicho huweza kumwua. Kwa hiyo kifo cha namna hiyo hakithibitishi kwamba kijana alikuwa akiidanganya familia yake. Huenda aliacha kweli, na ule udhaifu wa siku moja ukamkuta mwili umekwisha poteza mazoea.

Elimu hiyo yawafaa na walio hai. Ipo dawa iitwayo naloksoni ambayo huweza kurudisha pumzi ya aliyezidiwa ikiwahi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba jamaa na marafiki wa watumiaji, si waganga tu, wawezeshwe kuipata na kufundishwa kuitumia. Lakini familia inayoficha ugonjwa itaulizia wapi dawa? Mficha maradhi, kilio humfichua.

WAFIWA WAFARIJIANE

Mwaka 1968 wavulana wawili walifariki mjini Coventry, Uingereza. Kasisi kijana wa hospitali, Simon Stephens, aliona kwamba wazazi wao waliweza kufarijiana kuliko yeye alivyoweza kuwafariji. Mwaka 1969 wakaanzisha chama cha wazazi waliofiwa, The Compassionate Friends, ambacho kimeenea katika nchi nyingi. Huko Melbourne, Australia, Sally Finn, aliyekuwa mtumishi wa Salvation Army, alianzisha mwaka 2001 siku ya kuwakumbuka waliokufa kwa kuzidiwa na dawa. Huadhimishwa kila tarehe 31 Agosti, na wafiwa huvaa utepe bila kuona haya.

Sisi hatuna haja ya kuagiza matanga kutoka ng'ambo. Tunayo, yatupasa tu kuyafungua kwa kila maiti.

Basi msiba wa namna hii ukitokea mtaani, nenda kama uendavyo kwingine. Usiulize alikufaje, mwenye kutaka kusema atasema. Litaje jina la marehemu, na ukikumbuka wema wake, hata kama ni wa utotoni, usimulie, kwani mama yake anaogopa kwamba kijana wake atakumbukwa kwa unga tu. Watazame ndugu zake wadogo, ambao hubeba aibu shuleni. Rudi tena matanga yakishaanuliwa, ukapike au ukae kimya naye, maana hapo ndipo nyumba huwa tupu. Ukimfahamu mama mwingine aliyepitia hayo, wakutanishe.

Tena wenzake marehemu wakija mazikoni, nguo zao zimechakaa na macho yamewatoka, msiwafukuze. Nao wamefiwa, na pengine wao ndio walio karibu zaidi na kaburi la pili. Mzee atakayewaambia "karibuni, kaeni" huenda akawa mtu wa kwanza kuwaita watu kwa muda mrefu, na kijana aliyeitwa mtu huweza siku moja kuomba msaada.