Kumshitakia Allah na Kumshitaki Allah

Ndugu Waislamu, imekuwa mazoea kwetu kwamba mtu akiulizwa hali, jibu lake ni malalamiko: umeme umekatika tangu jana, mshahara umechelewa, mtoto ana homa, bei ya unga haishikiki. Alhamdulillahi huja mwisho, ikiwa itakuja. Na upande wa pili wapo wanaomkemea mgonjwa kwa kusema tu kwamba kichwa kinamuuma, wakidai kuwa tayari ameikosa tawakkul. Wote hawa wanahitaji kurejea kwa wanazuoni.

Kumshitakia Allah (S.W.) ni jambo moja, na kumshitaki Allah kwa waja wake ni jingine. La kwanza haliondoi subira. Nabii Yaaqub (A.S.) aliahidi subira njema (Yusuf: 18), na huyo huyo akawaambia wanawe kuwa huzuni yake anamshitakia Allah (Yusuf: 86). Nabii Ayyub (A.S.) alimweleza Mola wake kuwa amepatwa na dhara (Al-Anbiyaa: 83), na Allah akamsifu kuwa ni mwenye kusubiri (Swaad: 44). Lililo baya ni hilo la pili: mtu kukaa barazani akieleza mitihani yake kana kwamba amedhulumiwa na Aliyeikadiria, tena akiwaeleza watu ambao hawawezi kumwondolea hata moja.

Lakini je, kumweleza tu binadamu mwenzako kuwa unaumwa? Hapa salaf walikuwa wakali juu ya nafsi zao. Imamu Ahmad bin Hanbal alikuwa akiguna kwa maumivu katika maradhi yaliyomfisha mwaka 241 Hijria. Akaelezwa kuwa Tawus, mmoja wa Tabiina, alichukia mgonjwa kuguna, naye hakusikika tena akiguna mpaka alipofariki. Baadhi ya wanazuoni wa Kishafii nao wakasema kuguna ni makruhu. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) aliikataa kauli hiyo. Hoja yake ni kwamba makruhu huthibiti kwa katazo mahususi, na katika hili katazo halikuthibiti, bali katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kuwa Bibi Aisha (R.A.) alilalamikia kichwa chake, na Mtume (S.A.W.) hakumkemea, akamjibu kuwa yeye ndiye mwenye haki zaidi ya kulalamikia kichwa. Huenda waliosema makruhu, akaendelea Nawawi, walikusudia kuwa kushughulika na dhikri ni bora zaidi. Sisi wa mwambao, ambao Minhaji yake imesomeshwa misikitini mwetu vizazi na vizazi, tulipaswa kuwa wa mwisho kumkemea mgonjwa.

Na haki iliyozuiliwa je? Hind bint Utba (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa mumewe Abu Sufyan ni bahili, hampi matumizi ya kumtosha yeye na watoto. Hakuambiwa asubiri anyamaze. Aliruhusiwa achukue katika mali ya mumewe kiasi kinachowatosha kwa wema. Basi mfanyakazi anayedai mshahara wake kwa mwajiri hajatoka katika tawakkul, kwani ameeleza shida yake kwa mwenye uwezo wa kuiondoa. Kuwahadithia abiria wote ndani ya basi ni habari nyingine.

Tazama pia Saad bin Abi Waqqas (R.A.). Katika Hija ya kuaga, mwaka 10 Hijria, aliugua sana akiwa Makka. Mtume (S.A.W.) alipomzuru, Saad alieleza bila kuficha ukali wa maradhi yake, kwamba ana mali na mrithi wake ni binti mmoja, akaomba atoe sadaka thuluthi mbili za mali. Akakatazwa. Akaomba nusu, akakatazwa. Akaruhusiwa thuluthi, na akaambiwa kuwa hiyo nayo ni nyingi. Katika mazungumzo hayo ya mgonjwa na mgeni wake ndipo mafakihi walipopata mpaka wa wasia. Saad mwenyewe alipona, akapata watoto wengine, na akaliongoza jeshi la Waislamu huko Qadisiyya.