Je, Wajua? Jedwali la SMS zako lina asili ya manowari

Kila SMS unayopokea kwenye simu ya Android huandikwa kama mstari mmoja wa jedwali: namba ya mtumaji, saa, maneno yenyewe. Mtunzaji wa jedwali hilo ni SQLite, kanzidata iliyozaliwa kwa ajili ya meli ya vita.

Mwaka 2000, Mmarekani Richard Hipp alikuwa akiandika programu ya manowari USS Oscar Austin. Programu hiyo ilitegemea kanzidata iliyoendeshwa na seva. Seva ikizima, kazi inasimama, na hapo ni baharini! Hipp akabuni kanzidata isiyohitaji seva kabisa. Majedwali yote hukaa ndani ya faili moja tu. Kisha akaitoa bure kwa dunia nzima, bila hakimiliki. Leo imo kwenye Android na iPhone pia. Ukarimu huo unastahili kujulikana zaidi.

Lakini wazo lenyewe la kupanga data kwa majedwali yanayohusiana, ambalo SQLite hulifuata, lilitangazwa mwaka 1970 na Edgar Codd wa IBM, Mwingereza aliyewahi kuwa rubani wa vita.

Na ukifuta ujumbe? SQLite, isipoamriwa vinginevyo, huweka alama tu kwamba nafasi ile iko wazi. Maneno hubaki palepale mpaka data mpya ziandikwe juu yake. Ndiyo maana wachunguzi wa simu wakati mwingine husoma ujumbe ambao mwenyewe alishaufuta.