Uteuzi wa Kiwambo cha Kompyuta Kusini mwa Maniema: Maandishi, Mchezo na Umeme wa Jua

Kitenzi "kuwamba" kwa asili kinahusu ngozi. Ngozi huvutwa na kukazwa juu ya mzinga wa ngoma au juu ya fremu ya kitanda mpaka iwe uso mmoja ulionyooka. Kutokana na kitenzi hicho limepatikana neno "kiwambo", ambalo wanaistilahi wamelipendekeza kwa ule uso wa kompyuta unaoonyesha maandishi na picha. Wengine husema "skrini", wengine "monita". Kasongo na Kabambare, ambako Kiswahili kimekaa kwa zaidi ya karne moja pamoja na Kifaransa, maneno ya Kifaransa yaliyotoholewa ndiyo yanayotangulia sokoni, na kompyuta yenyewe mara nyingi huitwa "mashini" tu. Tofauti hizi za msamiati zingekuwa jambo dogo lau mnunuzi angeweza kusoma maelezo yaliyobandikwa juu ya sanduku. Maelezo hayo, hata hivyo, huandikwa kwa Kiingereza au Kichina, na kwa vifupisho ambavyo hata msomaji wa lugha hizo huhitaji kufafanuliwa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa Kiswahili maana ya vipimo hivyo, kwa kumzingatia mtu wa kusini mwa Maniema anayetaka kiwambo kimoja kitakachofaa kwa kazi za kila siku na kwa michezo ya video.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba umbali ni sehemu ya bei. Bidhaa za Kasongo hutoka Bukavu kwa njia inayopitia Kamituga, au hutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zikivushwa Kigoma hadi Kalemie au Uvira. Njia hii ya pili kwa sehemu kubwa inafuata mwelekeo wa misafara ya karne ya 19, ile iliyokileta Kiswahili hadi Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Kiwambo kilichofika kikiwa na ufa hakirudishwi dukani. Muuzaji yuko mbali, na nauli ya kukirudisha yaweza kulingana na thamani ya kiwambo chenyewe. Kwa hiyo, kosa la uteuzi halisahihishwi kwa urahisi kama lingesahihishwa Dar es Salaam au Nairobi.

Umeme

Katika miji yenye umeme wa gridi, mnunuzi huanza kwa kuuliza ukubwa wa kiwambo. Kusini mwa Maniema, ambako wengi hutegemea paneli za jua na jenereta ndogo, swali la kwanza ni idadi ya wati.

Hesabu yake si ngumu. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Betri ya aina hiyo haipendi kunyonywa zaidi ya nusu, kwani huharibika upesi. Zinabaki wati-saa 600. Inveta, ambayo hugeuza umeme wa betri kuwa volti 220, hupoteza kiasi fulani njiani. Tukikadiria upotevu wa asilimia 15, mtumiaji anabakiwa na wati-saa 510. Kompyuta ya mapajani inayotumia wati 40, ikiunganishwa na kiwambo cha inchi 24 chenye taa za LED kinachotumia wati 20, itafanya kazi kwa saa nane na nusu. Kompyuta ya mezani ya wati 100 pamoja na kiwambo cha zamani cha bomba, kile chenye kisogo kirefu, ambacho hula wati 80 hivi, haitafikisha saa tatu. Na kompyuta iliyoundwa mahususi kwa michezo, yenye wati 300, ikiambatana na kiwambo kikubwa cha wati 40, itazima baada ya saa moja na nusu. Betri ni ile ile na jua ni lile lile. Aliyekusudia kuandika tasnifu yake usiku atajikuta gizani kabla ya kumaliza ukurasa wa pili.

Viwambo bapa vya mwanzo viliangazwa kwa mirija myembamba ya floresenti nyuma ya kioo. Kuanzia mwaka 2010 hivi taa za LED zikachukua nafasi yake, na matumizi ya umeme yakapungua sana. Kwa kuwa bidhaa nyingi zinazofika ni zile zilizokwisha kutumika Ulaya, mnunuzi hana budi kugeuza kiwambo na kusoma kibandiko cha nyuma. Mirija ya floresenti, pamoja na kula umeme zaidi, huzeeka: mwanga wake hugeuka wa manjano na hufifia pembeni. Kiwambo cha bomba hakina sababu ya kununuliwa tena, hata kikitolewa karibu na bure. Kioo chake kina madini ya risasi, na siku kitakapokufa hakuna pa kukitupa kwa usalama.

Jambo jingine ni mahali kilipo kibadilisha umeme. Katika baadhi ya viwambo kimo ndani. Katika vingine ni kisanduku cha nje, kama cha kompyuta ya mapajani. Cha nje ni bora. Jenereta ndogo hupandisha na kushusha volti bila taarifa, na kinachoungua kwanza mara nyingi ni kibadilisha umeme. Kikiwa nje, hununuliwa kingine. Wapo mafundi wanaounganisha kiwambo cha volti 12 moja kwa moja na betri ili kukwepa upotevu wa inveta. Wazo ni zuri, lakini betri inayochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi. Bila kirekebisha volti katikati, kiwambo kimo hatarini.

Nukta na herufi

Picha ya kiwambo ni mkusanyiko wa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Kipimo kinachoandikwa 1920 kwa 1080 humaanisha nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu. Wengi hudhani kiwambo kikiwa kikubwa ndivyo kinavyoonyesha vizuri. Sivyo. Nukta zile zile zikitandazwa kwenye inchi 21.5, kila inchi hupata nukta 102. Kwenye inchi 24 hupata 92. Kwenye inchi 27 hubaki 82 tu. Kiwambo kikubwa cha nukta chache ni kama chapati iliyosukumwa kupita kiasi: ni pana, lakini nyepesi.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili jambo hili si la urembo. Kasongo ni mji wa Waislamu wengi tangu enzi za Tippu Tip na mwanawe Sefu, kabla majeshi ya Dola Huru ya Kongo hayajauteka mwaka 1893, na nyaraka za Kiarabu na Kiswahili za mwisho wa karne ya 19, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zimo katika hifadhi za Ubelgiji, ambako Xavier Luffin amezichunguza. Asomaye picha ya waraka wa namna hiyo hutegemea nukta kwa maana halisi ya neno. Nukta moja chini ya herufi ni "ba". Nukta mbili ni "ya". Katika kiwambo cha nukta chache, nukta mbili za wino uliofifia huungana kuwa alama moja, na "yaya", ambaye katika Kiswahili cha Kongo ni ndugu mkubwa, akawa "baba". Katika waraka wa mirathi au wa deni, kosa hilo si dogo. Msomaji aweza kukuza picha, ni kweli, lakini kila akuzapo hupoteza sehemu ya mstari, na Kiswahili kisichoandikwa irabu zote husomwa kwa kuutazama mstari mzima.

Umbo nalo lina hesabu yake. Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Kiwambo kipana cha inchi 24 kina sentimita 53 kwa 30, yaani huonyesha kurasa mbili kwa ukubwa wake wa kweli: waraka upande mmoja, unukuzi upande wa pili. Kiwambo cha zamani cha inchi 19, kile kinachokaribia mraba, kina sentimita 30 zile zile kwenda juu. Kwa anayeandika tu, na mwenye fedha kidogo, hiki cha pili kikiwa kizima ni ununuzi wa busara, ingawa nukta zake ni 86 kwa inchi.

Mchezo

Katika miji mingi ya mashariki ya Kongo vijana hulipa kwa kila mechi ili kucheza kandanda ya video katika kibanda chenye mashine ya PlayStation. Mwenye kiwambo nyumbani huona humo njia ya kurudisha fedha zake, na hapo ndipo wauzaji humpata. Humwambia anunue kiwambo cha hezi 144. Hezi ni idadi ya mara ambazo picha huchorwa upya katika sekunde moja. Mara 144 huonyesha mwendo laini kuliko mara 60. Ila PlayStation 3 ya mwaka 2006 na PlayStation 4 ya mwaka 2013 hutoa picha zisizozidi 60 kwa sekunde. Picha ya 61 haipo. Kiwambo hakiwezi kuibuni. Ni PlayStation 5 ya mwaka 2020 pamoja na kompyuta zenye nguvu zinazoweza kutoa 120 na kuendelea, na hizo ndizo zinazomaliza betri. Kwa mwenye mashine ya zamani, hezi 60 au 75 zatosha kabisa. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, haina tundu la HDMI. Haiungi na kiwambo cha leo bila kigeuzi, na huonekana vizuri zaidi kwenye televisheni ya zamani.

Zipo aina tatu kuu za paneli. TN huitikia upesi na ni rahisi kwa bei, lakini rangi zake hugeuka mtu anapotazama kutoka chini au ubavuni. VA ina weusi mzito, ila vitu vyeusi vinavyokimbia huacha kivuli. IPS hutunza rangi kwa watazamaji wa pande zote. Matangazo hudhani mchezaji ni mtu mmoja aliyekaa katikati. Mechi ya Kasongo ina wachezaji wawili na watazamaji kumi, wengine wakiwa wamechuchumaa mlangoni. Kwa hao IPS ndiyo inayofaa, hata kama sanduku la TN limeandikwa milisekunde 1 kwa herufi kubwa. Pia viwambo vingi vya kompyuta havina spika, na mechi isiyo na sauti ya mtangazaji haina wateja.

Kwa mwanga wa mchana, kandela 250 kwa mita ya mraba ni kiasi cha kawaida, lakini uso wa kiwambo usiwe wa kung'aa. Kiswahili hutumia neno "kioo" kwa kile cha kuonea mbele na kile cha kujitazamia, na uso unaong'aa mbele ya mlango ulio wazi hufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja.

Kabla ya kulipa, kiwambo kiwashwe kwa muda usiopungua nusu saa, kionyeshe ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi mtupu. Nukta zilizokufa huonekana kwenye weupe, mwanga unaovuja huonekana kwenye weusi. Kikisafirishwa kwa pikipiki kuelekea Kabambare au Salamabila, kisimamishwe wima ndani ya sanduku lake na povu pande zote, na pasiwekwe mzigo wowote wa kukiegemea usoni.