Kubadilisha Globu za Taa za Gari Katika Nchi ya Ukungu

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita zipatazo 33 tu, lakini katika mwendo huo mfupi gari hupanda karibu mita 1,000. Bondeni hewa ni ya joto na anga ni wazi. Huko juu, mtu akishapita Soni na mji wa Lushoto na kuikabili milima ya Kifungilo, penye shule ya sekondari ya wasichana, aweza kujikuta ghafla ndani ya wingu. Neno hilo halikutumika kwa mfano. Ukungu wa Usambara, mara nyingi, ni wingu hasa, ambalo mtu aliye bondeni hulitazama likiwa limeukalia mlima.

Chanzo chake chaeleweka vizuri. Pepo za kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, nayo hewa hiyo ikigota mlimani haina njia ila kupanda. Hewa ipandayo hutanuka, na itanukapo hupoa kwa kadiri ya nyuzi 1 ya sentigredi kwa kila mita 100, maadamu mvuke wake haujaanza kugeuka maji. Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu, hewa yenye joto la nyuzi 26 ambayo kama ingepozwa hapo ilipo ingeanza kufanya umande katika nyuzi 18. Ikipandishwa mlimani, hewa hiyo itaanza kufanya wingu baada ya kupanda mita 1,000 hivi. Yaani, ikianzia Mombo, karibu kabisa na usawa wa Lushoto. Katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, hali hiyo huweza kuanza chini zaidi.

Wenyeji wa nchi hii hawawezi kuacha kusafiri kwa sababu ya wingu. Kabeji, karoti na nyanya za Lushoto hushuka kwa malori kwenda Tanga na Dar es Salaam, na mengi ya malori hayo huteremka jioni au usiku ili yafike sokoni alfajiri. Kwenye kona zilizo juu ya Soni, ambako upande mmja ni ukuta wa mwamba na upande wa pili ni korongo, gari lililounguza globu moja si jambo dogo. Dereva anayekuja huona taa moja, akadhani ni pikipiki, akakadiria nafasi ya kupishana kwa kipimo cha pikipiki. Watu huliita gari hilo chongo, na kwa kawaida hulicheka. Iwapo taa iliyozimika ni ile ya upande wa kulia, yaani upande wa katikati ya barabara kwa nchi yetu ambayo magari hupita kushoto, basi sehemu ya gari iliyo karibu zaidi na anayekuja ndiyo isiyoonekana kabisa.

Kubadilisha globu ni kazi ambayo mwenye gari aweza kuifanya mwenyewe nyumbani, mara nyingi bila hata bisibisi. Hata hivyo, wengi huifanya kama wanavyobadilisha globu ya sebuleni, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Globu ya sebuleni haina kazi ila kumwaga mwanga pande zote. Taa ya gari ni chombo cha kuongoza mwanga, na globu ni kiungo kimoja tu cha chombo hicho. Nyuma ya globu kuna kioo chenye umbo la bakuli, kilichochongwa ili mwanga utokao katika nukta moja maalumu, iitwayo fokasi, urudishwe mbele ukiwa mwali ulionyooka. Uzi wa globu ukiwa umekaa milimita moja au mbili nje ya mahali pake, mwali huo huharibika.

Mfano mzuri ni globu ya aina ya H4, iliyotolewa Ulaya mwaka 1971 na ambayo bado hutumika katika magari mengi ya Afrika Mashariki. Ndani yake mna nyuzi mbili za tungsteni: mmoja wa wati 60 kwa mwanga mrefu, ambao madereva huuita fuli, na mwingine wa wati 55 kwa mwanga wa chini, yaani dimu. Uzi wa fuli hukaa kwenye fokasi. Uzi wa dimu umewekwa mbele kidogo, na chini yake pana kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho huzuia mwanga usifike katika nusu ya chini ya bakuli, kwa kuwa mwanga ambao ungerudishwa na nusu hiyo ungepanda juu moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Hivyo basi, globu ya H4 ina masikio matatu yasiyolingana, nayo huingia katika tundu lake kwa njia moja tu. Mtu akiilazimisha ikakaa upande, kikombe nacho huwa upande. Taa itawaka vizuri sana, na mwenye gari ataridhika. Watakaoteseka ni wale anaokutana nao njiani.

Jambo la pili ni vidole. Globu za siku hizi ni za halojeni. Katika globu ya zamani chembe za tungsteni ziliruka kutoka kwenye uzi wenye moto mkali, zikagandamana na kioo na kukifanya cheusi. Globu ya halojeni, ambayo hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1959, ina gesi yenye iodini au bromini kidogo, ambayo huzidaka chembe hizo na kuzirudisha kwenye uzi. Kazi hiyo haitimii isipokuwa ukuta wa globu uwe na joto linalopita nyuzi 250, na kwa sababu hiyo globu imefanywa ndogo, na ukuta wake ni wa kwatzi au kioo kingine kigumu kinachostahimili joto. Mafuta na chumvi za jasho zikiachwa juu ya kwatzi, hupikwa pamoja nayo. Mahali pale hupata weupe, hupata joto kuliko sehemu nyingine, na mwishowe huweza kupasuka. Globu na ishikwe kwenye kitako chake, au kwa kitambaa safi kikavu. Aliyekwisha kuigusa aifute kwa spiriti na kuiacha ikauke kabla ya kuiwasha.

Kazi yenyewe ni fupi. Taa na injini huzimwa, na globu huachwa ipoe kwa robo saa, maana gesi iliyomo ina mgandamizo mkubwa na globu ya moto huweza kulipuka mkononi. Boneti hufunguliwa, plagi ya nyuma ya taa huvutwa kwa kushika plagi yenyewe, si nyaya, mpira wa kuzuia maji huondolewa, klipu ya waya hubonyezwa na kusogezwa kando, na globu hutoka. Mpya ikishaingia, mpira urudishwe ukae vizuri pande zote. Mahali kama Kifungilo huo ndio usahaulifu wenye gharama kuliko wote: ukungu huingia, maji hutuama, na ule weupe wa bakuli hubabuka kidogo kidogo hadi taa nzima inakuwa haifai. Ni vizuri pia kubadilisha globu zote mbili kwa pamoja. Zimewaka kwa saa zilezile, na ile iliyobaki haina maisha marefu. Yafaa iwekwe garini kama akiba.

Si kila taa hafifu inataka globu mpya. Mwanga wa uzi wa tungsteni hupungua upesi mno kuliko umeme unaoufikia. Injini ikiwa inaunguruma, betri yaweza kuonyesha volti 13.5, lakini mita ikiwekwa kwenye plagi ya taa inayowaka ikaonyesha 12.2. Upungufu huo ni kama asilimia 10, nao huondoa karibu asilimia 30 ya mwanga. Volti hizo hupotelea kwenye kutu: katika plagi, na hasa pale waya wa ethi unapofungwa kwenye bodi ya gari. Kipande cha msasa na dakika kumi za kazi huweza kuleta faida kuliko globu ya bei kubwa.

Wengine hukimbilia globu ya wati 100. Ile ya wati 55 hupitisha kama ampea 4.6 katika volti 12. Ya wati 100 hupitisha 8.3. Kwa kuwa joto katika waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, nyaya zilezile hupata joto zaidi ya mara tatu. Plagi huyeyuka, swichi huungua, na pale ambapo fyuzi nayo ilikwisha kubadilishwa kwa kubwa zaidi, hakuna tena cha kulizuia gari lisishike moto.

Isitoshe, ndani ya ukungu nguvu hiyo haisaidii. Tone la ukungu lina upana wa kiasi cha sehemu ya mia moja ya milimita, na mamilioni ya matone hayo hurudisha mwanga nyuma kwa dereva. Anayewasha fuli huangaza ukuta mweupe ulio baina yake na barabara. Taa za ukungu zimewekwa chini karibu na bampa, na mwali wake ni mpana na bapa, ili mwanga upite chini ya mstari wa macho na kuangukia kingo za barabara. Rangi ya njano haina uwezo wa kupenya ukungu unaosifiwa nao. Angani bluu hutawanywa kuliko njano kwa sababu chembe za hewa ni ndogo sana kuliko mawimbi ya mwanga. Tone la ukungu ni kubwa kuliko mawimbi hayo mara kumi na zaidi, na hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Ufaransa ililazimisha taa za njano kwa magari yake tangu miaka ya 1930 hadi 1993, kisha ikaacha. Baadhi ya macho huona nafuu katika njano, na hilo latosha kwa anayeipenda.

Hata taa bora ina mpaka. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa kwenye lami yenye maji huhitaji kama mita 27 kusimama, ikihesabiwa sekunde moja ya dereva kushtuka. Katika mteremko huhitaji zaidi. Katika kilomita 20 huhitaji kama mita 10. Pale ambapo ukungu umeacha mita 25 tu za kuona, tofauti hiyo haizibwi na globu yoyote iuzwayo dukani.

Swali linaloulizwa sana leo ni kuhusu globu za LED zinazotiwa katika taa iliyotengenezwa kwa halojeni. Taa iliyobuniwa tangu mwanzo kwa LED ni nzuri, na hula umeme kidogo. Globu ya kupachika ni jambo jingine, kwa kuwa vipande vyake vinavyowaka si uzi mwembamba, na mara nyingi havikai pale ulipokuwa uzi. Matokeo yake yaonekana ukutani. Gari lisimamishwe mita 10 kutoka ukutani, likiwa tupu na magurudumu yakiwa na upepo wa kutosha, mahali ambapo ardhi ni sawa hadi ukutani. Kwa Kifungilo huenda ikabidi kutafuta uwanja wa mpira. Kimo cha katikati ya taa kipimwe na kuandikwa ukutani kwa chaki, kisha dimu iwashwe. Taa nzuri huchora mstari ulio wazi baina ya mwanga na giza, sentimita 10 hivi chini ya alama ya chaki, ukipanda kidogo upande wa kushoto ili kuwaonyesha waendao kwa miguu. Ukipanda upande wa kulia, taa ilitengenezwa kwa nchi ambazo magari hupita kulia. Na usipoonekana mstari wowote, ila weupe uliotapakaa hadi juu ya alama, globu hiyo itolewe, hata kama ni mpya.

Globu za taa za ukungu hubadilishwa kwa kanuni zilezile, ila njia ya kuzifikia mara nyingi ni kutoka chini ya bampa, ambako matope na mawe ya barabara huzifikia kwanza. Kabla ya kutia mpya, ndani ya taa pachunguzwe. Kioo kilichopasuka hata kwa ufa mwembamba huingiza maji, na tone moja la maji baridi likiangukia globu inayowaka latosha kuivunja, ikawa globu tatu zimenunuliwa kwa mwaka pale ambapo kilichohitajiwa ni kioo kimoja.