Mwangwi unavyotumiwa kukadiria samaki wa baharini

BAHARI haina ua wala zizi. Samaki wake hawawezi kukusanywa wakahesabiwa kama ng'ombe. Hata hivyo, serikali inapotoa leseni za uvuvi, sharti iwe na makadirio ya samaki waliopo. Leseni zikizidi, samaki humalizika. Zikibanwa mno, wavuvi hunyimwa riziki bila sababu. Mojawapo ya njia za kupata makadirio hayo ni kusikiliza mwangwi.

Zamani manahodha wa pwani walipima kina kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kambani, wakahesabu kwa pima. Siku hizi, chombo kilichowekwa chini ya meli hutoa mlio mfupi kuelekea sakafu ya bahari. Mlio ukigonga kitu, hurudi kama mwangwi. Sauti husafiri katika maji ya bahari kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde. Kwa hivyo, mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kina ni mita 75, kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi.

Samaki nao hurudisha mwangwi. Mwaka wa 1935, mtafiti Oskar Sund wa Norway alichapisha picha za mwangwi wa makundi ya samaki, na tangu hapo taaluma hii imekua. Kinachorudisha sauti zaidi si nyama ya samaki bali kibofu cha hewa kinachomsaidia kuelea. Papa hana kibofu hicho, hivyo mwangwi wake ni hafifu.

Meli ya utafiti hufuata njia zilizopangwa, aghalabu mistari sambamba kutoka ufuoni hadi maji makuu. Kabla ya kazi kuanza, wataalamu huning'iniza tufe dogo la madini chini ya meli. Nguvu ya mwangwi wa tufe hilo inajulikana, kwa hivyo hutumiwa kusahihisha chombo. Aidha, nyavu hushushwa mara kwa mara, kwani mwangwi pekee hautoshi kutambua aina ya samaki wala ukubwa wao. Hatimaye, nguvu ya mwangwi wote hugeuzwa kuwa makadirio ya tani za samaki.

Pwani ya Kenya imewahi kupimwa kwa njia hii. Kati ya 1980 na 1983, meli ya Dkt Fridtjof Nansen, iliyofanya kazi chini ya ushirikiano wa Norway na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilifanya safari kadhaa za utafiti katika maji yetu.

Hata hivyo, chombo hiki kina upofu wake. Samaki wanaolala karibu kabisa na sakafu hawaonekani, kwa kuwa mwangwi wao humezwa na ule wa sakafu yenyewe. Wengine hukimbia meli inapokaribia. Mchana wengi hukusanyika makundi makundi na usiku hutawanyika, hivyo saa ya kupima ina uzito wake. Vivyo hivyo, vipimo vya msimu wa kaskazi havitoshi kueleza hali ya kusi.

Zaidi ya hayo, meli kubwa haiwezi kuingia kwenye maji machache yaliyo ndani ya miamba ya matumbawe. Nako ndiko wavuvi wengi wa mitumbwi na ngalawa hutafuta riziki. Samaki wa huko huhitaji njia nyingine, kama vile wapiga mbizi wanaowahesabu kwa macho na rekodi za mavuno katika vituo vya kupokelea samaki.

Kwa hivyo, tani zinazotajwa katika ripoti ya meli ni za maji ambayo meli ilipita. Kuzitumia kuamua hatima ya mvuvi wa ndani ya mwamba, bila kumwendea na kupima mavuno yake, ni kumhukumu kwa ushahidi wa mahali pengine.